Henry Dunant: Aliyedisko Shule, Akaanzisha Msalaba Mwekundu

Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye vimbweta, watu watano, tunajiandaa na testi. Kama kawaida, madaftari yalifunguliwa nusu saa, halafu stori zikaanza. Siku hiyo stori ilikuwa vita vya mashariki mwa Kongo. Jamaa mmoja anayesoma sheria akauliza kwa nini hospitali ya Goma inayosaidiwa na Msalaba Mwekundu inampokea kila mwenye risasi mwilini, hata yule ambaye jana yake alikuwa anawapiga wengine risasi. Kwake yeye huo ni upuuzi: unamtibu mtu, anapona, anarudi kuua. Mwingine akacheka, akasema mjadala huo tuwaachie watu wa udaktari, maana sisi wa elimu kazi yetu ni chaki tu.

Nilinyamaza, na kunyamaza kule kuliniuma. Mimi ni mtoto wa Kasulu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilianza 1996, kwa hiyo nimezaliwa nikaikuta. Mwaka 2015, nikiwa bado shule ya msingi, Warundi walimiminika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini. Magari yenye alama ya msalaba mwekundu tulikuwa tunayaona yakipita na vumbi lake, na sisi watoto tunayakimbilia. Sikuwahi kujiuliza alama ile ilitoka wapi, wala nani aliamua kwamba gari lenye alama ile halipigwi risasi.

Basi nikaingia maktaba kutafuta. Nilichokikuta kilinishangaza. Mtu mwenyewe hakuwa daktari. Hakuwa mwanasheria. Hakuwa hata mwanafunzi mzuri.

Kijana wa Geneva

Henry Dunant alizaliwa Geneva, Uswisi, tarehe 8 Mei 1828. Familia yao ilikuwa na uwezo na ilishika dini sana. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyejishughulisha na yatima na watu waliotoka jela, na mama yake alikuwa anawatembelea maskini na wagonjwa. Kwa hiyo Henry alikua akiona kwamba kumsaidia mtu siyo jambo la sikukuu, ni sehemu ya wiki.

Shule sasa. Alisoma chuo maarufu cha mji wao, lakini alama zilikuwa mbaya, na alipokuwa na miaka 21 akalazimika kuondoka. Kwa lugha yetu ya hapa chuoni, alidisko. Akaenda kujifunza kazi kwenye kampuni ya kubadilisha fedha.

Alichokuwa nacho ni bidii ya kukusanya watu. Mwaka 1852 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha vijana Wakristo cha Geneva, na mwaka 1855 alikuwepo Paris vyama vya namna hiyo kutoka nchi mbalimbali vilipoungana. Alikuwa anaandika barua kwa watu asiowajua, anawafungia safari, anawakutanisha. Ukiona maisha yake yote, kipaji chake kilikuwa hicho hicho kimoja.

Kazi ya kampuni ikampeleka Algeria, iliyokuwa koloni la Ufaransa. Hapa sitaki tumpake rangi. Dunant alikwenda Algeria kutafuta utajiri katika ardhi ambayo Wafaransa walikuwa wamewanyang'anya wenyeji. Mwaka 1856 alianzisha kampuni ya kilimo na mashine za kusaga nafaka, akauza hisa kwa ndugu na marafiki wa Geneva. Ila kibali cha ardhi na cha maji kikawa hakieleweki. Ofisi hii inamtuma ofisi ile, ile inamrudisha hii. Sote tuliowahi kufuatilia bumu tunaijua hali hiyo. Mwishowe akaamua kwenda kumwona mwenye nchi mwenyewe, Mfalme Napoleon wa Tatu wa Ufaransa. Shida ni kwamba mfalme hakuwa Paris. Alikuwa kaskazini mwa Italia, vitani.

Solferino

Kwa hiyo Dunant alifika kwenye vita akiwa anafuatilia kibali. Jioni ya tarehe 24 Juni 1859 aliingia mji mdogo wa Castiglione, amevaa suti nyeupe ya msafiri. Siku hiyo hiyo, karibu na hapo, Solferino, majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalikuwa yamepigana na jeshi la Austria tangu alfajiri. Wanajeshi walikuwa takriban 300,000. Waliouawa, kujeruhiwa au kupotea siku hiyo moja walikuwa takriban 40,000.

Majeruhi wakaanza kuletwa Castiglione kwa mikokoteni, kwa nyumbu na kwa miguu. Makanisa yakajaa, kambi za jeshi zikajaa, nyumba za watu zikajaa, wengine wakalazwa barabarani juu ya majani makavu. Ndani ya kanisa kubwa la mji peke yake walilundikana karibu 500. Madaktari wa jeshi walikuwa wachache mno.

Sasa angalia jambo hili, kwa sababu ndilo lililombadilisha Dunant. Mjini maji yalikuwepo. Chakula kilikuwepo. Hata vitambaa vya kufungia vidonda vilikuwepo. Na bado watu walikufa kwa kiu, kwa njaa na kwa kutokwa damu, kwa sababu hapakuwa na mikono ya kutosha kuwafikishia. Aliona mtu anakufa huku dawa ya kiu yake iko kisimani, hatua chache tu.

Dunant hakujua kutibu. Alichojua ni kupanga. Aliwakusanya wanawake wa mji, akawagawia kazi. Vijana wadogo akawapa ndoo za kuchota maji. Watalii na wasafiri waliojikuta pale, akiwemo mfanyabiashara mwenzake kutoka Uswisi, akawashika mkono nao wakaingia kazini, wengine wakiosha vidonda, wengine wakiandika barua za kuaga kwa ajili ya wanaokufa. Mwendesha gari lake la farasi akamtuma mji wa Brescia, akarudi na mashati, malimau, sukari, sponji, bendeji, na tumbaku. Tumbaku nayo ilikuwa na kazi yake: moshi ulipunguza ile harufu nzito ya kanisani, na ulimtuliza mtu anayesubiri kukatwa mguu.

Halafu likaja suala la Waaustria. Hao ndio walikuwa adui, na mji ulikuwa upande wa pili. Wengine walitaka kuwatupa nje. Dunant akawa anamhudumia kila mtu kwa jinsi alivyoumia, haulizi sare ya nani. Wanawake wa Castiglione walipomwona, wakafuata mfano wake, wakawa wanasema kwamba wote hawa ni ndugu. Pia aliomba madaktari wa Austria waliokuwa wametekwa waachiwe wasaidie kutibu, na wakaachiwa.

Alikaa siku chache tu. Kibali cha maji hakukipata.

Wazo linakuwa sheria

Wengi wetu tungerudi nyumbani, tukalia, tukasimulia. Dunant alirudi Geneva na picha zile hazikumtoka. Mwaka 1862 akachapisha kitabu kuhusu Solferino kwa fedha zake mwenyewe, nakala 1,600, akavituma kwa wafalme, majenerali, mawaziri na watu wenye sauti Ulaya nzima.

Nusu ya kwanza ya kitabu inaeleza aliyoyaona bila kuficha. Mwishoni ndipo kuna hoja, na hoja ni mbili. Ya kwanza: kwa nini kila nchi isiwe na chama cha watu wa kujitolea, kinachoandaliwa na kufundishwa wakati wa amani, ili vita vikija mikono iwepo? Ya pili: kwa nini mataifa yasikubaliane kwa maandishi kwamba majeruhi na wanaomhudumia hawaguswi?

Mwanasheria mmoja wa Geneva, Gustave Moynier, alikisoma, akalipeleka jambo kwenye chama cha ustawi wa jamii alichokuwa anakiongoza. Februari 1863 ikaundwa kamati ya watu watano: Moynier, Jenerali Dufour, madaktari wawili Louis Appia na Théodore Maunoir, na Dunant akiwa katibu. Kamati ile ndiyo iliyokuja kuwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu.

Ila Moynier na Dunant hawakuiva. Moynier alitaka twende taratibu, jambo linalowezekana kwanza. Dunant alikuwa haambiliki. Mwaka huo huo alikwenda Berlin kuwashawishi watu, na huko, bila kuiuliza kamati, akachapisha waraka unaodai kwamba madaktari na wauguzi wa vitani wahesabiwe hawana upande. Moynier alikasirika, akaona jambo hilo haliwezekani kabisa. Hata hivyo wajumbe wa serikali walipokutana Geneva mwezi Oktoba, lilipita.

Tarehe 22 Agosti 1864 nchi 12 zikatia saini Mkataba wa kwanza wa Geneva. Ulikuwa mfupi, vifungu kumi tu, lakini usome uone uzito wake. Hospitali za jeshi na magari ya majeruhi hayashambuliwi. Madaktari na wauguzi wanalindwa. Raia anayemwingiza majeruhi ndani ya nyumba yake anaheshimiwa. Mwanajeshi aliyejeruhiwa anaokotwa na kutibiwa, awe wa taifa lolote. Na ili mwenye bunduki ajue kwa mbali, iwepo alama moja: msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe, rangi za bendera ya Uswisi zilizogeuzwa. Baadaye, vitani mwaka 1876, dola ya Uturuki ikaanza kutumia hilali nyekundu, na leo alama zote mbili zina ulinzi ule ule.

Kuanguka

Wakati Ulaya inamsifu, kampuni ya Algeria ilikuwa inaoza. Dunant alikuwa anazunguka kwa wafalme huku hesabu zake haziangaliwi. Mwaka 1867 benki ya Geneva aliyohusika nayo ikaanguka, naye akafilisika na deni la karibu faranga milioni moja. Waliopoteza ni marafiki na ndugu waliomwamini. Mwaka 1868 mahakama ya biashara ya Geneva ikamtia hatiani kwa udanganyifu katika kufilisika huko. Kwenye mji ule wa dini na mabenki, hapakuwa na aibu kubwa zaidi. Akaondolewa kwenye kamati aliyoianzisha. Aliondoka Geneva akiwa hajafika hata miaka 40, na hakurudi tena mpaka anakufa.

Sisemi alionewa. Watu walipoteza akiba zao. Lakini adhabu aliyoipata ilikuwa ndefu. Paris aliishi kama ombaomba: alilala nje, alitembea na kipande cha mkate mfukoni, koti lililochakaa akalipaka wino ili lionekane jeusi. Miaka ikapita, Msalaba Mwekundu ukaenea nchi baada ya nchi, na watu wakadhani Dunant alishakufa zamani.

Mwalimu wa Heiden

Sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya niandike makala hii, hasa kwa ajili ya wenzangu wa elimu.

Mwaka 1887 Dunant, mgonjwa na mwenye ndevu nyeupe, alifika Heiden, kijiji cha milimani mashariki mwa Uswisi. Mtu wa kwanza kuitambua thamani yake hakuwa waziri wala profesa. Alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, Wilhelm Sonderegger. Mwalimu huyu na mke wake, Susanna, wakawa rafiki zake. Mwaka 1890 likaanzishwa tawi la Msalaba Mwekundu pale Heiden, na Sonderegger akatangaza kwamba mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu bado yu hai, yuko kijijini kwao. Dunia haikusikia sana. Lakini mwalimu alisema.

Tangu 1892 Dunant aliishi kwenye chumba cha hospitali ya wilaya pale pale Heiden, akitunzwa na Daktari Hermann Altherr. Mwaka 1895 mwandishi wa habari aitwaye Georg Baumberger akaenda kumhoji, na safari hii makala ikasambaa Ulaya. Barua zikaanza kumiminika. Mwaka 1901, Tuzo ya Amani ya Nobel ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa duniani, ilikwenda kwa watu wawili: Frédéric Passy wa Ufaransa na Henry Dunant wa chumba cha hospitali.

Fedha za tuzo ziliwekwa benki ya Norway ili wadai wasizifikie. Yeye mwenyewe hakuzitumia, aliendelea kuishi kwenye chumba kile. Alikufa tarehe 30 Oktoba 1910, akazikwa Zürich bila sherehe, kama alivyotaka. Kwenye wosia aliacha fedha ili pale hospitali ya Heiden pawe na kitanda kimoja cha bure kwa maskini. Tarehe yake ya kuzaliwa, 8 Mei, ndiyo Siku ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu duniani.

Kurudi kwenye vimbweta

Sasa swali la jamaa yetu wa sheria. Siyo swali la kijinga. Hata Florence Nightingale, mwuguzi maarufu wa Uingereza aliyehudumia majeruhi wa vita vya Krimea, hakulipenda wazo la Dunant mwanzoni. Aliogopa kwamba watu wa kujitolea wakibeba mzigo wa majeruhi, serikali zitajisikia nafuu kuanzisha vita. Hofu hiyo ipo mpaka leo.

Ila kuna mambo mawili nimeyaelewa. La kwanza: kutibiwa siyo kusamehewa. Aliyeua raia anaweza kutolewa risasi tumboni leo na kupelekwa mahakamani kesho. Kazi ya daktari haifuti kazi ya hakimu, na ndugu yetu wa sheria hilo anapaswa kulijua kuliko mimi. La pili ni la barabarani kabisa. Gari la wagonjwa linapita kizuizi cha wenye silaha kwa sababu wale wenye silaha wanajua kwamba wao nao wakiumia litawabeba. Siku likianza kuchagua upande, litapigwa risasi kwenye kizuizi cha kwanza, na mama mjamzito asiye na upande wowote hatafika hospitali. Kutokuwa na upande siyo kukosa msimamo. Ndiyo nauli ya kupita.

Jirani zetu Kenya wamelishuhudia. Kule Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, Msalaba Mwekundu uliendesha hospitali ya upasuaji ya Lopiding kuanzia 1987 hadi 2006, na majeruhi wa vita vya Sudan Kusini walikuwa wanaletwa kwa ndege. Kwetu, Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kiliundwa kwa sheria mwaka 1962, na katika kambi za Kigoma kimetoa huduma za afya. Humo ndani hakuna madaktari peke yao. Kuna anayehesabu madawa, anayesukuma maji, anayekwenda nyumba kwa nyumba kueleza mtoto akiharisha afanyiweje, anayetafsiri Kirundi kwa Kiswahili. Mtoto wa kipindupindu pale Kagunga hakuhitaji bingwa. Alihitaji maji safi, chumvi, sukari na mtu anayejua vipimo. Yaani mikono, kama pale Castiglione.

Kwa hiyo hapana, jambo hili siyo la watu wa udaktari tu. Na kwetu walimu lina makali yake. Nikipangiwa shule kule kwetu, darasani kwangu watakuwepo watoto ambao baba zao au babu zao walikimbia pande mbili za vita moja. Nikiwabagua mimi, hakuna mkataba wa Geneva utakaowasaidia pale.

Klabu ya Msalaba Mwekundu hapa chuoni inafundisha huduma ya kwanza kila Jumamosi asubuhi. Nilijiandikisha wiki iliyopita. Tulikuwa kumi na mmoja, na wa elimu nilikuwa peke yangu. Jamaa wa sheria nimemwalika, amesema atafikiria. Nimeshajua namna ya kufunga bendeji mkono uliovunjika, japo mara ya kwanza niliifunga ikalegea yote na mwalimu wetu akaniambia nirudie. Nikarudia.